Mkasi Uliotupwa Chooni

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia chumba cha kushonea cha shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake pale ilikuwa kumtilia shangazi uzi kwenye sindano, maana shangazi alishonea mkono wa kushoto. Wa kulia ulivunjika katika ajali ya gari na haukupona sawasawa.

Muhula huo darasa lao lilikuwa likisoma vitabu vya maisha ya kweli ya watu walioanguka wakainuka. Mwalimu akamtaka kila mmoja aandike kisa cha mtu anayemjua. Kitakachoshinda kingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, kisha kiwekwe maktaba. Chiriku aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Akamwandika shangazi, ila akatia chumvi weee! Eti siku ya pili tu baada ya ajali shangazi alitoka kitandani, akashona gauni la harusi kwa mkono mmoja, bila chozi. Akashinda.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe alimsomea shangazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kitambaa chini.

"Huyo mwanamke namwonea wivu," alisema. "Ni nani?"

"Si wewe, shangazi?"

"Mimi, mwanangu, nilitupa mkasi chooni."

Kisha akamweleza. Alilia miezi, akaapa hatagusa tena cherehani. Alipoanza upya, suruali ya kwanza aliishona miguu yote miwili ikaungana, na mwashi aliyeijaribu akakwama, nusura aanguke. Mwashi akacheka, na shangazi naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Kesho yake mwashi akarudi na kitambaa kingine.

Chiriku alilala roho juu. Akisema kweli, huenda nafasi ikaenda kwa mwingine. Akinyamaza, shangazi ataketi pale akisomewa maisha yasiyo yake. Asubuhi alimfuata mwalimu ofisini, akaeleza yote huku machozi yakimlengalenga. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia kwamba uongo hausomwi mbele ya wazazi, lakini akimaliza kuandika upya kabla ya mkutano, atasoma.

Aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Na alisoma! Kwenye suruali, watu walishika mbavu. Kwenye mkasi, wazazi kadhaa waliinamisha vichwa. Ndipo baba mmoja akasimama, seremala aliyefunga karakana yake tangu jicho moja lipofuke, akamuuliza shangazi alianzaje tena.

"Kwa kuharibu," shangazi akajibu. "Na wewe nenda kaharibu ubao mmoja, uone."

Makofi yalilipuka. Chiriku alijaa fahari hadi akakosa la kusema, na kwa Chiriku hilo si jambo dogo.

"Kisa chako cha kwanza kilimsifu shangazi tu," mwalimu alimwambia baadaye. "Hiki kimemfaa mtu. Tunasoma maisha ya wenzetu ili tujue kwamba hata walioshinda waliwahi kukata tamaa. Ukiificha siku hiyo, aliyeanguka hatajua pa kuanzia. Sema kweli, tena yote."

Wiki iliyofuata, akielekea kwa shangazi, Chiriku alisikia msumeno karakanani. Mlangoni palikuwa na kiti kipya kilichoinama upande mmoja, na seremala alikuwa akikitazama na kucheka peke yake.