Mgonjwa Mmoja Mwenye Mimba Tatu na Tezi Dume

Enyi mliowahi kupenda na mliowahi kuugua, tulieni! Leo nafunua siri nzito ya moyo wa binadamu. Siri yenyewe niliipata nikiwa nimejificha zahanatini, nyuma ya marobota ya vyandarua, nikikwepa kufua.

Dada yangu ni muuguzi wa zahanati ya kijijini. Siku hiyo alikuwa ameinua simu yake dirishani, akizungumza kwa video na daktari wa hospitali kuu, mjini. Foleni ilikuwa imejaa ukumbini.

— Muuguzi, hebu nisaidie. Ripoti inasema mwezi huu watu mia sita wa mjini wamenipigia. Kila mtu na simu yake, kajifungia chumbani, wengine mafua tu. Kwenu, eti, kanipigia mgonjwa mmoja.

— Mmoja?

— Imeandikwa hapa: mwanamke wa miaka ishirini na sita. Ana mimba tatu, tezi dume, na anaota meno ya utotoni.

Dada alicheka hadi simu ikatikisika.

— Daktari, huyo ni mimi! Foleni nzima inatumia simu yangu.

— Kwa nini wasipige wenyewe?

— Mtandao unashika dirishani hapa tu. Halafu bibi huyu aliye mbele ya foleni hasikii vizuri. Nani atamweleza ulichosema?

— Na wale wanaochungulia nyuma yake?

— Majirani. Akisahau panapouma, wao wanakumbuka.

Shangazi yetu, naye foleni hiyohiyo, akadakia:

— Na ukitoa dawa mbaya, sisi ndio mashahidi!

Daktari hakucheka.

— Wakubwa wanahesabu namba za simu. Wameona moja. Ijumaa wanafunga huduma ya simu kwenu.

Miezi sita sasa dada alikuwa akijipaka wanja kabla ya kupiga simu ile. Wanja, jamani, wa kumpimia mzee presha!

— Basi, daktari. Tunashukuru kwa yote.

— Hivyo tu?

— Ulitaka niseme nini?

Simu ikakatika.

Alhamisi asubuhi daktari mwenyewe akatokea mlangoni, viatu vimejaa tope.

— Kumbe ana miguu! shangazi akashangaa.

Daktari akaenda dirishani, akawapigia wakubwa wake, akawaonyesha foleni mtu mmoja mmoja. Shangazi akawapungia mkono. Mwishowe wakakubali kuhesabu watu, si namba. Huduma ikabaki.

— Hilo limekwisha, daktari akamwambia dada. Sasa tuzungumze kuhusu ujumbe wako.

— Ujumbe upi?

Daktari akasoma kwenye simu yake: "Njoo mwenyewe. Nina ugonjwa usioonekana kwenye kamera. Ukipiga, moyo unakimbia. Ukikata, unasimama."

— Sikuandika mimi!

Uso wa daktari ukanywea. Akaokota mkoba wake.

— Nisamehe. Nilijidanganya.

Alipofika mlangoni, dada akaita:

— Daktari! Ujumbe siujui. Lakini ugonjwa huo ninao.

Mkoba ukaanguka. Foleni ikapiga vigelegele, hata bibi asiyesikia. Kisha dada akageuka polepole kuelekea vyandarua, nilikojificha tena.

— We mtoto. Toka.

Nikatoka.

— Nakiri, dada. Niliandika mimi, kwa simu yako. Ila maneno ni yako, uliyasema mbele ya kioo ukijipaka wanja. Mimi nilinakili tu, kama ninavyofanya kwenye mitihani.

Mgonjwa wa nne kwenye foleni akakohoa, akasimama. Alikuwa baba yetu, na la mitihani alilisikia vizuri.