Usivute Kabla Hujajibiwa

Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na Chemka alishaitukana ile mashine matusi yote aliyoyajua, sasa anarudia ya mwanzo. Jina hilo la Chemka alipewa na wateja wake. Alikuwa fundi wa majenereta na pampu, na yeye mwenyewe alipata moto upesi kuliko injini yoyote aliyoitengeneza. Lakini leo alikuwa na haki. Mashine ya boti ya marehemu baba mkwe wake ilining'inia kwenye ukingo wa pipa la maji uani, panga lake la kusukumia maji limezama, na tangu mchana haikutoa hata kikohozi.

Ndani ya nyumba, mke wake alikuwa na uchungu.

Mtoto amelala mkingamo, mkunga alisema asubuhi, huyu hazaliwi hapa, huyu ni wa kisu. Na hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto. Mafuriko yalikuwa yamelibeba daraja, yakabeba na boti zote zilizofungwa kando, ikiwemo ya Chemka pamoja na mashine yake mpya. Ilibaki boti moja kuukuu, iliyokuwa imepinduliwa uani, kuku wanataga chini yake. Ikabaki na mashine hii, iliyokaa stoo tangu mke wake akiwa mtoto mdogo, imeviringishwa blanketi na kufungwa mafundo juu ya mafundo, kana kwamba kuna mtu aliogopa isije ikatoka yenyewe.

Alikuwa ameshafanya kila kitu. Kabureta aliifungua, akakwangua utando uliogandamana humo kama gundi, akaiosha. Plagi aliipiga msasa. Petroli mpya, oili mpya, mpira mpya wa mafuta. Alisogeza plagi karibu na chuma, akavuta kamba, cheche ya buluu ikaruka vizuri kabisa. Moto upo. Mafuta yapo. Hewa inapita.

"Sasa unataka nini?" aliiuliza. "Nikupigie magoti?"

Ilikuwa mashine ya kizamani. Kamba yake haikujirudisha yenyewe. Unaizungusha kwa mkono kwenye gurudumu la juu, unavuta, yote inakubakia kiganjani. Ikikataa, unazungusha tena. Malengelenge yalishatoka na kupasuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Iache hiyo, baba."

"Nikiiacha tutavuka na nini, Mama? Na mabawa?"

"Tafuta njia nyingine."

"Ipi?"

Tangu asubuhi mama mkwe alikuwa akisema vivyo hivyo, iache, iache, na sababu hasemi. Hilo lilimuudhi Chemka kuliko hata mashine yenyewe. Mama mkwe akarudi ndani kwa binti yake.

Mara mke wake akapiga ukelele ambao Chemka hakuwahi kuusikia kwake.

Akazungusha kamba kwa pupa. Akakanyaga ukingo wa pipa. Na bila kufikiri, kwa mazoea tu, akapaza sauti.

"Nyuma?"

Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Kabla hajawa mkwe, alifanya kazi miaka mingi kwenye boti ya baba mkwe wake, na mzee hakuruhusu mtu yeyote avute kamba kabla hajauliza hivyo. Aliyekaa nyuma hutazama majini. Akiona hakuna mtu wala kitu karibu na panga, hujibu, "Peupe!" Ukivuta kabla hujajibiwa, unashushwa siku hiyohiyo. Chemka alishawahi kushushwa, akalia njia nzima. Na sasa anauliza uani, mbele ya pipa, yeye na kuku. Alitaka kujicheka.

"Peupe," ikajibu sauti.

Ilitoka nyuma ya pipa.

Mkono ulikuwa umeshavuta. Mashine ikawaka papo hapo, maji yakachafuka na kumwagika. Ikanguruma safi, kama iliyozimwa jana. Lakini harufu iliyomjia haikuwa ya moshi. Ilikuwa harufu ya tope la mto... na ya nguo zilizokaa majini muda mrefu.

Akachungulia nyuma ya pipa. Ukuta tu. Chini, sakafu ilikuwa imelowa.

Ni maji yaliyoruka, akajiambia. Akaizima haraka.

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa karibu yake.

"Uliuliza?"

"Mazoea tu, Mama."

"Nani alikujibu?"

Chemka akaonyesha nyuma ya pipa. Mama mkwe akashusha sauti hadi ikawa mnong'ono.

"Mume wangu alikuwa na mdogo wake. Walifanya kazi boti moja. Siku hiyo mdogo mtu alikuwa ameshuka majini, anatoa majani yaliyonasa kwenye panga la mashine hii. Mume wangu akauliza, 'Nyuma?' Akajibiwa, 'Bado.' Abiria wanapiga kelele, mvua inakuja, na yeye ana hasira kama zako." Akaitazama mashine. "Akavuta."

Kutoka ndani mke wake alimwita mama yake. Mama mkwe akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Njia nyingine hatuna, nimeona. Twende. Lakini akisema bado, ni bado. Umenisikia?"

Majirani waliwabebea boti hadi mtoni. Mke alilazwa katikati juu ya godoro, mama yake akamshika kichwa. Mashine ilienda vizuri mno, hata Chemka akaanza kujiona fundi tena. Walipofika katikati ya mto...

Ikazima.

"Mungu wangu, si sasa!" Akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa. Akaitia mfuko wa shati, akapekua sanduku la vifaa atafute nyingine. Boti ilishaupa mkondo ubavu. Mkondo ulikuwa unawapeleka chini, kwenye vyuma vya daraja lililovunjika, na aliviona vikichomoza majini. Mke wake akalia. Chemka akaacha sanduku, akazungusha kamba.

"Nyuma?"

"Bado."

Hapo hapo, mwisho wa boti, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sauti ya chini, ya mtu ambaye maji yamemfika kidevuni.

Mke wake akaacha kulia. "Mama... ni nani huyo?"

"Nyamaza, mwanangu."

Vyuma vinasogea. Chemka alikuwa ameikaza kamba mpaka malengelenge yanavuja damu. Hasira ilimpanda hadi kooni. Kutwa nzima imemkatalia, na sasa inamwambia asubiri!

"Bado nini?" alifoka. "Bado nini, mke wangu anakufa!"

Vuta, moyo wake ulimwambia. Vuta tu. Akatambua kwamba moyo wa baba mkwe wake ulimwambia vilevile siku ile, na akaogopa. Mama mkwe alikuwa ameshamkamata kifundo cha mkono.

"Usivute," alinong'ona.

Kitu kikagusa boti kwa chini. Kizito. Kikakwaruza polepole kutoka mbele, kikapita chini ya godoro, kikaja nyuma... krrr... krrr... Kisha majini ukainuka waya wa daraja, mnene kama mkono wa mtu, mahali hasa ambapo panga lingekuwa linazunguka. Juu ya ule waya palikuwa na vidole. Vyeupe, vimekunjamana kwa maji. Vilikuwa vinausukuma.

Waya ukapita, ukazama.

"Peupe."

Akavuta. Ikawaka.

Ng'ambo, wauguzi walikuwa wanasubiri na machela. Wakamchukua mke wake mbio kupanda ngazi. Chemka akanyoosha mkono achomoe waya wa plagi, maana mashine ile huzimwa hivyo. Waya ulikuwa unaning'inia. Tundu la plagi lilikuwa wazi.

Akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Plagi ilikuwa mle.

Na mashine inanguruma.

Akachomoa mpira wa mafuta. Inanguruma tu. Mama mkwe, aliyekuwa ameshashuka, akarudi botini. Akainama mwisho wa boti kama anayemwamsha mtu wa nyumbani.

"Shemeji," akasema taratibu. "Zima. Tumefika."

Mashine ikazima.

Palibaki sauti ya maji tu. Kisha, chini chini, "Na kaka amefika?"

Kaka mtu, baba mkwe wa Chemka, alikuwa amekufa kitandani kwake, na Chemka na mama mkwe walikuwepo alipozikwa. Mama mkwe akafumba macho.

"Bado," akajibu.

Walipokuwa wanapanda ngazi, Chemka alimuuliza mama mkwe kwa nini amemdanganya shemeji yake. "Kaka yake ndiye anayemsubiri," alisema mama mkwe. "Akijua hayupo tena, sijui atamsubiri nani."

Mtoto alitolewa kabla giza halijaingia sawasawa. Wa kike, mzima, na mama yake mzima. Chemka alilia mbele za watu bila aibu. Alifurahi hata akasahau mto, mpaka muuguzi alipoulizia nguo za mtoto. Mfuko wa nguo walikuwa wameusahau botini.

Akateremka mbio. Boti ilikuwa imefungwa palepale, lakini maji yalikuwa yameigeuza, sasa nyuma ndiyo imetazama ukingoni. Mfuko ulikuwa kando ya mashine. Akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akanyoosha mkono juu ya panga.

Ndipo alipoiona kamba. Alikuwa ameiacha sakafuni, imelowa, ana hakika. Sasa ilikuwa imezungushwa kwenye gurudumu, nadhifu, ncha yake imenyooka hewani bila kushikwa na mtu.

Harufu ya tope ikamjia.

"Nyuma?" ikauliza sauti kutoka botini.

Chemka aliyatazama maji aliyosimama ndani yake, na panga lililogusana na goti lake.

"Bado," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Bado... tafadhali, baba mdogo, bado."

Kamba ilikuwa imekaza. Naye hakuthubutu kusogeza hata mguu.