Fundi, Leo Upande Gani?

Siku hizi duka ni langu. Lakini kila asubuhi nikifungua mlango, nasikia harufu ile ile ya zamani: mafuta ya cherehani, vumbi la chaki, kitambaa kilichopigwa pasi. Hapo namkumbuka baba, na miaka ile naitamani sana.

Baba alikuwa fundi wa makoti. Mimi nilikaa kwenye cherehani ya pili, kazi yangu ikiwa vifungo na mapindo. Kila nilipomwomba anifundishe kukata koti, alinijibu, "Bado, mama. Koti halikatwi kwa pupa." Mtaa mzima hakuna mwingine aliyeijua kazi ile. Alifundishwa na babu, na babu hakuandika popote.

Kisha macho ya baba yakaingia ukungu. Siku moja nilimwona akitunga uzi kwenye sindano. Akalamba uzi, akakosa tundu. Akakosa tena, mara nne. Mwishowe akanipa sindano bila kunitazama.

"Nitungie," alisema.

Niliumia sana. Nilijua macho yakienda, na koti limekwenda.

Baba alikuwa na kisukari kwa miaka saba, na vidonge vilikuwa havitoshi tena. Daktari akamwanzishia insulini, dawa ya kujichoma chini ya ngozi ya tumbo. Pale kliniki walimweleza namna ya kuitumia. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na baba alikuwa akiitikia tu, "Ndiyo, ndiyo." Tukiwa njiani kurudi, alijigamba.

"Wanifundishe mimi sindano? Nimezishika miaka arobaini!"

Alijichoma kila siku bila kukosa. Mwezi ukapita, sukari haikutulia. Siku nyingine ilipanda, siku nyingine ilishuka kidogo.

"Dawa hii ni bure tu," baba akasema. "Au niongeze mwenyewe?"

Mama, aliyekuwa akipiga pasi, akageuka. "Ongeza pindo, bwana. Dawa usiongeze bila kuuliza!"

Jioni hiyo akaja jirani yetu, nesi, kuchukua sare yake iliyofumuka kwapani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilijua baba hatasema kitu, kwa hiyo habari ya sukari nikaieleza mimi. Nesi akanawa mikono.

"Fundi, hebu nionyeshe unapochoma."

Baba akainua shati. Kulia kwa kitovu palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu kidogo.

"Unachoma hapa kila siku?"

"Hapo hapo. Pameshazoea, wala hapaumi."

"Kwa nini pawe hapo hapo tu?"

Baba akamtazama kama anayeulizwa jambo la wazi. "Mshono ukitaka usifumuke, urudie pale pale mara tatu. Ndivyo alivyonifundisha baba yangu."

Tulicheka wote. Nesi ndiye aliyeacha kwanza.

"Mazoea yana taabu, Fundi. Ngozi si kitambaa. Ukirudia pale pale, mafuta ya chini ya ngozi yanavimba na kuwa magumu. Dawa ikiingia humo, haifiki vizuri kwenye damu. Leo inafika kidogo, kesho nyingi."

"Kumbe dawa si mbovu?"

"Dawa ni nzima. Pabaya ni hapo unapoitia. Na sindano unabadilisha?"

"Moja naitumia wiki nzima. Ya cherehani hukaa hata mwezi!"

"Ya cherehani, sawa. Hii ni ya mara moja tu. Kisha itie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, isimchome mtu."

Baba akashusha shati. "Basi kesho nahamia upande wa pili."

"Subiri. Kesho asubuhi twende kwanza kwa daktari. Kwenye ngozi isiyo na uvimbe dawa inafanya kazi zaidi, na sukari inaweza kushuka mno. Huenda akapunguza kipimo. Ukiona jasho, kutetemeka au kizunguzungu, kunywa maji yenye sukari mara moja, kisha upime."

Baba akasogea kwenye meza ya kukatia. Kisha akavuta karatasi ya kukatia na chaki, akachora tumbo lake kama anavyochora mgongo wa koti. Nesi akamwelekeza: aache vidole viwili kuzunguka kitovu, agawe tumbo mafungu manne, kila fungu wiki moja. Kila tundu liwe mbali na la jana kwa upana wa kidole. Pale penye uvimbe, baba alipiga msalaba: pasichomwe.

Daktari alipunguza kipimo kweli. Mtaalamu wa macho naye akasema ukungu ule ulitokana na sukari, utapungua ikitulia. Baba aliitundika karatasi ukutani, na kila asubuhi mama alimuuliza, "Fundi, leo upande gani?" Naye alisoma ukutani ndipo ajibu.

Sukari ilitulia polepole. Wiki zikapita. Asubuhi moja baba akalamba uzi, akautia kwenye tundu. Ukaingia mara moja. Akaushika juu, akautazama kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Lete chaki, mama. Leo tunakata koti."

Nilikwenda kuifuata chaki huku nalia, wala sikuona haya.

Baba aliishi miaka kumi na minne baada ya siku ile, na yote aliyoyajua kuhusu makoti alinipa. Karatasi yake bado inaning'inia kwenye msumari, pamoja na za mikono na kola. Juzi mteja mmoja, akijaribu koti lake jipya mbele ya kioo, aliinyooshea kidole.

"Fundi, ile ni ya nguo gani?"

"Ni ya tumbo la baba," nikamwambia. "Bila ile, hilo koti usingelivaa."