Vijidudu vya Jabiri Vilitoka Wapi?

Kwanza ilisikika sufuria ikibingirika uani, kisha ndoo, kisha mlango wa bati. Majirani wa Mbagala wakajua kwamba Hamisa anamtoa mpangaji wake.

"Mwezi niliokupa umekwisha, Margareta," alisema Hamisa. "Ulihamia hapa unakohoa, mume wangu akapata kifua kikuu. Nilikutengea hata kikombe, haikusaidia."

"Dada Hamisa, na mimi natumia dawa. Niende wapi?"

"Kwenu Bukoba."

Hamisa hakuwa katili. Aliogopa. Jabiri, mumewe, mchuuzi wa vitenge, alikuwa amekonda hadi akafunga suruali kwa kamba. Hamisa alitaka wa kumlaumu, na Margareta alikuwa karibu.

"Hodi." Eliaichi, nesi wa kifua kikuu, aliingia na bahasha. "Mama, kabla hujatoa kitanda, nisikilize. Yale makohozi ya Jabiri na ya Margareta tuliyochukua miezi mitatu iliyopita yamepimwa kwa njia mpya."

"Si mlishasema ni TB?" aliuliza Jabiri kutoka barazani.

"Sasa tunajua ni TB ya ukoo gani. Vijidudu vina koo, na kila ukoo una alama zake, kama alama za vidole. Mtu akikuambukiza, alama za vijidudu vyenu zinafanana."

Hamisa alikunja mikono. "Soma basi, tumalizane."

"Alama za Margareta na za Jabiri ni tofauti kabisa. Hakumwambukiza. Na kwa dawa alizokwisha kunywa, hamwambukizi mtu tena."

Eliaichi akageuza karatasi.

"Za Jabiri zinafanana na za mgonjwa aliyepimwa Tunduma, mpakani. Ni Theonest. Amekubali nimtaje."

Jabiri alijiinua. "Theonest mwenzangu! Tukifuata vitenge tunalala chumba kimoja, mie, yeye na Hija. Dirisha tunalifunga kabisa. Wezi wa kule wanavuta mzigo kwa kulabu."

"Mlilinda mzigo, mkavuta pumzi ya mgonjwa," alisema nesi. "TB haiambukizi kwa kikombe. Anayekohoa huirusha hewani, na chumba kilichofungwa huihifadhi. Fungueni madirisha, hata hapa. Na Hija yukoje?"

"Anakohoa. Anasema ni vumbi."

"Vumbi la wiki ngapi?" Hamisa alimkatiza mumewe. "Kesho umpeleke kliniki."

"Nitampeleka, hata kwa kumbeba mgongoni."

Hija alikutwa na TB, akaanza dawa wiki hiyohiyo. Lulu, binti wa Hamisa, alipimwa, akakutwa mzima. Fundi alipanua madirisha yote ya nyumba. Baada ya miezi mitatu Jabiri na Margareta walimaliza dawa, wamepona, na suruali ya Jabiri ikabana.

Siku hiyo Hamisa aliwaita majirani uani, akamshika Margareta mkono.

"Mdogo wangu, nilikuaibisha mbele ya hawa, na mbele yao nakuahidi: chumba kile ni chako mpaka utakapotaka kuondoka mwenyewe. Na atakayekohoa humu nitampeleka kliniki mimi, sitamtoa nje."