Kitembezi cha Shangazi

Shangazi alikuwa akishuka ngazi za roshani peke yake, na kwa bata aliyeanguliwa akiwa na miguu iliyopinda, hilo lilikuwa jambo la kutazamwa. Kifuani alifungwa mkanda laini, na chini ya mkanda ilitokeza miguu minne myembamba ya chuma chepesi. Sikitu Kobelo, mhandisi aliyeiunda, aliuita mtambo huo kitembezi. Shingoni mwa bata palibandikwa kidude kidogo kama punje ya hindi, nacho kiliitwa kinasa-nia. Bata akitaka kwenda, ubongo hutuma amri kwa miguu isiyoweza kutii; kinasa-nia huidaka amri hiyo njiani na kuipeleka kwa miguu inayoweza. Akitaka maji, alikwenda kwenye beseni. Akitaka kumfokea njiwa wa jirani, alikwenda kumfokea, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Mdomo wake nao ulikuwa umekwenda upande, wa juu kushoto, wa chini kulia, asiweze kudonoa chochote. Kwa hiyo kitembezi kilikuwa na mkono mlishaji, uliofinyanga vitonge vya pumba na dagaa waliosagwa, ukamtilia kooni kimoja kimoja. Ulifanya hivyo tangu alfajiri hadi jua kuzama, kwa sababu Sikitu alisoma kwamba bata wa namna hiyo akilishwa kingi kwa mpigo hupaliwa. Mpango huo wa kidogo kidogo aliuandika mwenyewe, na alijivunia.

Katika mji wa Morogoro wa siku hizo, ambako roboti zilifagia barabara na magari yalipita juu ya mapaa, kufuga bata ghorofani kulionekana ushamba. Lakini Shangazi alikuwa wa Mzee Kobelo, baba yake Sikitu. Alikuja naye kutoka Mgeta siku alipohamia kwa bintiye, kamfunika kwa koti, na jina alimpa yeye, kwa kuwa ndege huyo hakuwahi kuridhika na kitu. Miaka yote mzee alimhudumia kwa mikono: kumbeba mpaka kwenye beseni, kumkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, kumlisha kwa kidole. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Vitonge vikawa vinaanguka. Siku moja mzee aliteleza bafuni akiwa na bata kifuani, na Sikitu alipowakuta wote wawili chini, wamelowa, alikata shauri. Msimu mzima wa masika alikesha karakanani.

"Sasa pumzika, Baba," alisema siku alipokileta kitembezi.

Mzee alikigeuzageuza. "Ahsante, mama. Umefanya kazi," alisema, naye akapumzika.

Miezi ilipita. Sikitu aliona mkanda wa suruali ya baba yake umetobolewa tundu jipya, kisha jingine. Mashavu yakaingia ndani. Jioni walipokula pamoja mzee alikula vizuri, tena kwa pupa, basi njaa Sikitu hakuifikiria hata kidogo. Aliwaza magonjwa yote mabaya anayoyajua, na usingizi ukampaa. Baba huyu ndiye mzazi pekee aliyembakia.

Alimpeleka zahanati, kwenye chumba-kipimo, ambacho humtazama mtu mpaka ndani ya mifupa bila kumgusa. Mzee alisimama humo kwa adabu kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Sauti ya mtambo ikasema, "Mwili hauna ugonjwa. Mwili una njaa."

Muuguzi alimtazama Sikitu kwa jicho la lawama. Sikitu aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Walipofika nyumbani aliuendea mtambo wa jikoni, uliopika na kuosha vyombo bila kusimamiwa. "Chai ya Baba ya asubuhi huwa inanywewa?"

"Meza huondolewa saa tatu, kama ulivyoagiza," ulijibu.

"Chakula kikiwa kimeliwa?"

"Hilo sikuagizwa kulitazama."

Mzee Kobelo alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale roshani, macho kwa bata. Mkono mlishaji uliinama, ukatia kitonge, ukainuka.

"Baba, una nini? Kwaresima ilishapita."

Mzee alikohoa. "Mimi nimelelewa na mama yangu. Kwetu mfugaji hatii kitu mdomoni mpaka anayemtunza ashibe. Nilichapwa kwa ajili ya kipande cha muhogo, mimi, mbuzi walikuwa bado zizini, hawajala."

"Najua, Baba, hata mimi ulinifundisha. Lakini Shangazi analishwa."

"Analishwa, ndiyo. Haachi kulishwa. Nakaa hapa namsubiri amalize. Saa nne bado, saa saba bado. Akija kumaliza, jua limezama, na wewe ndiyo unaingia mlangoni."

Sikitu hakujua acheke au alie. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mtoto hakulala masika nzima ananitengenezea kitu. Nimwambie kitu chako kinaninyima chai?"

Maneno hayo yalimuuma kuliko yale ya zahanati. Alichukua bisibisi, akapiga magoti, akaufungua mkono mlishaji na kuuondoa. Miguu aliiacha.

"Mikono yangu inatetemeka, mama," mzee alimkumbusha.

"Itatetemeka tu, Baba."

Asubuhi mzee alimlisha tena kwa kidole, ikawa vurugu. Pumba ilimwagika sakafuni, ikamwagika kwenye shati, na kila kitonge kilichoanguka Shangazi alikifuata kwa miguu yake ya chuma, akikigombeza kana kwamba kimemkosea heshima. Mzee alirudia, na kurudia tena, bila haraka, akimsemesha maneno ya Kiluguru ambayo Sikitu alikuwa hajayasikia siku nyingi. Hatimaye bata aligeuza kichwa pembeni, akafumba macho. Mzee alijifuta vidole, akavuta kikombe na sahani ya viazi vitamu.

"Kaa unywe na wewe."

"Mimi hunywa kazini, Baba. Karakanani kuna chai na vitumbua."

"Saa ngapi?"

"Nikifika tu. Saa moja hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mzee aliitikia kwa kichwa, bila lawama yoyote, akapuliza chai yake. Sikitu ndiye aliyejisikia vibaya. Saa moja. Asubuhi zote zile alikuwa ameketi na wenzake, mafuta ya vitumbua vidoleni, wakicheka, na baba yake yuko hapa na tumbo tupu anamtazama bata. Hakuwahi hata mara moja kupiga simu kuuliza kama amekula. Mitambo ilikuwapo, kwa hiyo yeye alishiba kwanza.

Alivuta kiti akakaa. Mzee akammiminia chai, nusu kikombeni, nusu mezani.

"Mbona hunywi?"

"Nakusubiri ushibe, Baba."

Mzee Kobelo aliangusha macho, akasogeza sahani karibu.

"Basi leo utachelewa kazini," alisema, akachukua kiazi cha pili.