Walimu Ishirini na Wawili wa Nadia

Saa mbili asubuhi, pale beach ya Kisangani, panapofikia pirogi, mitumbwi ya moteri, kutoka Lubunga ng'ambo ya mto, hakuna mtu anayesimama kwa miguu yake mwenyewe. Unasimama kwa mguu wa jirani, naye kwa wa mwingine, na wote mnaomba radhi. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Nadia alishuka kwenye pirogi amevaa libaya, blauzi ya kijani iliyoshonwa na tonton yake, mjomba wake, kitambaa cha kichwa cha rangi ileile, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa katika liputa la kitenge, mikono miwili, kama kitu kinachopumua.

Mbele yake alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lenye kola iliyopigwa pasi, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akatazama lile liputa, akashusha sauti.

"Mama, mutoto iko nalala muzuri. Jina yake nani?"

"Serveur," akajibu Nadia.

"Serveur? Hiyo ni jina ya kanisa gani?"

"Ya kazi. Acha nipite, papa."

"Na baba yake iko wapi?"

"Hana baba."

"Bon. Alors nafasi ingali wazi."

Nadia alikuwa amechoka tangu usiku, lakini akacheka. Kijana akamwitia toleka, akampangusia kiti cha baiskeli kwa mkono wa shati lake jeupe, na baada ya hapo shati halikuwa jeupe tena. Nusu saa baadaye walikutana kwenye mlango wa institut moja, chuo cha mtaa wa Mangobo, ambacho jina lake tutaliacha lipumzike. Kumbe njia ilikuwa moja. Kijana aliitwa Yunus, alikuwa assistant pale. Na Nadia ndiye mwalimu aliyetumwa kuwafundisha walimu.

Ndani ya liputa kulikuwa na Serveur mwenyewe: kisanduku cheusi, kidogo kuliko kamusi. Humo mlikaa programu ya kufundishia: masomo, mazoezi, mitihani, na uwanja wa mazungumzo ambapo mwalimu anauliza na watu wanajibu. Programu hiyo hainunuliwi. Ni huria, anayejua anaifungua na kuitengeneza anavyotaka, kama watu wa Kisangani na injini ya moto, yaani pikipiki. Wala haikuhitaji internet. Kisanduku kilirusha mawimbi yake chenyewe, na kila mwenye simu aliyekaa ndani ya kiwanja cha institut aliweza kuingia. Ukivuka ukuta tu, basi.

Bureau iliyomtuma Nadia iliweka sharti moja. Baada ya miezi mitatu, kama walimu kumi na watano wanaitumia kwa kweli, kisanduku kinabaki Mangobo na Nadia anabaki nacho. Wakipungua, kisanduku kinapelekwa Isangi, na Nadia anashuka mto pamoja nacho.

Siku ya kwanza walikuja walimu ishirini na wawili. Joto lilikuwa la kumfanya mtu asahau jina lake. Nadia alimpa kila mmoja karatasi yenye mot de passe yake, neno lake la siri, akaeleza, akaeleza tena, sauti ikakauka. Alipotoka kunywa maji, Papa Idrissa, mwalimu wa historia mwenye ndevu nyeupe, akamsogelea Yunus.

"Assistant, tunza hii."

Akamtilia karatasi yake mfukoni. Kwa institut, assistant ndiye mkono wa wakubwa. Anabeba mfuko wa chef, anasahihisha kopi za chef, chef akiwa na kilio anamfundishia. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Mama Patricia wa Kifaransa akaleta yake. Papa Josué wa hesabu akaleta yake, bila hata kusema neno. Kufika saa sita, Yunus alikuwa na karatasi ishirini na moja, na yake mwenyewe.

Alitaka kuzirudisha, tumpe haki yake. Wiki mbili alizibeba. Lakini siku moja alimkuta Nadia amekaa kwenye ngazi ya chumba cha nne, amevua viatu, miguu imevimba.

"Yunus, balimu wako hawafungue kitu. Mutu mumoja tu ndiye iko najibu."

"Nani?"

"Wewe. Nikiendelea hivi nitaenda kulala Isangi na mbu."

"Isangi kuna samaki muzuri."

"Basi kwenda wewe, ukule."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Mchana ule, saa nane, Yunus akakaa kwenye ngazi ileile, akachomoa karatasi ya kwanza mfukoni.

Nadia alikuwa ameuliza kwenye uwanja wa mazungumzo: Somo la leo lilikwendaje? Kesho yake akampigia Yunus simu mapema, hata salamu akasahau.

"Uko nasikia? Papa Idrissa alijibu!"

"Haiwezekane."

"Sikia: 'Mama, leo nilifundisha watu sabini katika chumba cha watu thelathini. Nimechoka sana. Lakini nilisema nipite nikusalimu.' Yunus, muzee ule iko na roho. Nilisoma mara tatu."

"Chérie, nitaanza kuona wivu."

"Uone tu. Na nani alikuruhusu kuniita chérie?"

"Nilizoea kabla ya kuruhusiwa."

"Ooh, tazama ule mutu! Kata simu yako, niko kazini."

Yunus hakukata. Wala Nadia hakukata.

Basi Yunus akawa watu ishirini na wawili. Kila mchana, saa nane mpaka saa kumi na moja, aliingia na kutoka, aliingia na kutoka. Akiwa Mama Patricia aliandika merci nyingi. Akiwa Papa Josué aliandika maneno manne na kufunga. Alitengeneza somo la historia, zoezi la hesabu, mtihani wa biolojia, akasahihisha vyote. Ilimbidi akumbuke nani ana kikohozi na nani amekasirika. Wiki ya saba, Mama Patricia na Papa Josué wakagombana kabisa kwenye uwanja, kisa saa za chumba cha sita, na Nadia akatumia siku nzima kuwapatanisha. Yunus aliandika radhi za pande zote mbili. Alipomaliza, kidole gumba kilikuwa kinatetemeka.

Mashavu yake yaliingia ndani. Nadia alimletea lituma, ndizi za kupondwa, kwenye bakuli, na mboga ya pondu juu yake, akamtazama akila.

"Mbona unachoka hivi, mupenzi? Wewe unafundisha saa sita tu kwa juma."

"Ni joto."

"Joto iko ya batu wote. Ona Papa Idrissa: muzee, lakini kila siku anaandika."

"Ule ni wa zamani. Ba zamani banatengenezwa na mbao ngumu."

Ile miezi mitatu ilikuwa inaisha. Nadia alikuwa ameshaandika ripoti: walimu ishirini na wawili kati ya ishirini na wawili. Ilibaki kutia sahihi. Jumatatu hiyo alivaa liputa la njano, jipya, akaenda kazini anaimba puani. Mlangoni akamkuta Papa Idrissa anashuka kwenye moto ya kukodi, matope mpaka kwenye ndevu, mfuko begani.

"Papa, karibu! Nilitaka nikushukuru. Zoezi ulituma Alhamisi iko muzuri sana."

Mzee akamtazama kama mtu aliyesemeshwa Kichina.

"Alhamisi, binti yangu? Alhamisi tulikuwa tunakwama kwa potopoto, barabara ya Bafwasende. Nilienda kwa kilio ya shemeji. Siku kumi na mbili sikufika hapa."

Nadia akageuka kuutazama ukuta wa kiwanja. Kisanduku hakivuki ukuta. Hilo alilifundisha yeye mwenyewe. Akaingia ofisini, akafungua daftari la programu, lile linaloandika nani aliingia, saa ngapi, kwa simu gani. Hakuwa amewahi kulifungua. Kwa nini angelifungua, na watu walikuwa wanamjibu vizuri hivyo? Saa nane na dakika tano, Idrissa. Nane na kumi na tatu, Patricia. Nane na ishirini na moja, Josué. Majina ishirini na mawili, simu moja. Simu aliijua. Ilikuwa na ufa kwenye kona, na mara nyingi aliishika wakati mwenyewe anakula.

Yunus alikuja anatabasamu, ana makemba, ndizi za kukaanga, kwenye gazeti. Alipoona uso, tabasamu likabaki peke yake, halina mwenyewe.

"Nadia..."

"Niambie. Ule aliandika 'nilisema nipite nikusalimu' ni nani?"

"Ni mimi."

"Na ile ugomvi? Siku nzima nilibembeleza batu. Nililia, Yunus! Nilikulilia hata wewe!"

"Na mimi niliona aibu sana."

"Miezi mitatu nilijua ninafundisha balimu ishirini na wawili. Kumbe nilikuwa natwanga maji na mutu mumoja, tena ule hakuhitaji kufundishwa."

"Kama ingepungua, ungeenda Isangi."

"Heri Isangi. Kule nitajua niko nasema na nani."

Akachukua kalamu, akaikata ile ripoti mstari mmoja mrefu, kona kwa kona. Makemba yakapoa.

Siku tatu Yunus alipiga simu, hakuna jibu. Siku ya nne Nadia alishika.

"Alo. Nani huyu? Ni wewe, ao ni Mama Patricia?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Hapo uko wengi."

Akakata.

Yunus akakaa kwenye ngazi yake. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Kisha akaingia chumba cha walimu, akazipanga karatasi juu ya meza, moja moja.

"Ba papa, ba mama, kila mutu achukue yake. Mimi nimemaliza."

"Assistant, unatukatalia?" akauliza Papa Josué. Watu wote wakageuka kumtazama Yunus, kwa sababu Papa Josué ndiye anayetia sahihi ya kumpandisha assistant cheo, na Yunus alikuwa anaingoja mwaka wa tano.

"Ndiyo, papa. Lakini anayetaka kujua, nitakaa naye. Hata mpaka jua lizame."

Wengi walizitazama karatasi kama bili. Wengine walitoka. Papa Idrissa akavaa miwani, akasema, "Leta simu yangu. Inafunguka wapi?"

Wakabaki sita. Walihangaika hao watu! Mama Patricia alifuta somo lake mara mbili akiwa anatafuta jinsi ya kulihifadhi. Siku ya pili, kumbe na Papa Josué yuko mlangoni, hasemi kitu, amesimama tu. Yunus akamsogezea kiti. Papa Idrissa alitumia mchana mzima kuandika mistari miwili.

Nadia, ofisini, aliona jina la mzee likitokea. Akataka kufunga. Akasoma.

"Mimi Idrissa. Hii kidole ni yangu. Karatasi nilimupa Yunus mimi mwenyewe, na wote tulimupa, ndiyo desturi yetu hapa. Ukikasirika, utugawanyie wote."

Mezani kulikuwa na maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu jinsi walimu wanavyoipokea programu mpya. Hakuna hata moja lililosema juu ya mfuko wa assistant. Nadia akaandika ripoti upya, akahesabu wenye vidole vyao: wanane, pamoja na Yunus. Akatia sahihi. Halafu akatoka, akakaa kwenye ngazi ya chumba cha nne, upande wa pili wa ngazi, nafasi ya watu wawili katikati.

"Nimeandika munane."

"Haitoshi," akasema Yunus.

"Haitoshi. Naenda Isangi Jumanne. Kisanduku pia."

Yunus akatazama barabara. Toleka moja ikapita inalia mnyororo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila siku nilisema kesho. Na kila kesho ulinipigia simu unacheka."

Nadia akatazama kile kidole gumba chake, kimevimba pembeni. Akakishika.

"Kuya Siku ya Mungu kwa tonton Sefu. Kuya na bazee bako. Lakini hautasema hata neno moja. Batu ingine ndio batasema kwa jina lako. Ujue vile inauma."

"Na kama banasema vibaya?"

"Utavumilia. Mimi nilivumilia ugomvi ya chumba ya sita."

Kwetu ndivyo ilivyo hata hivyo: anayeposa hafungui mdomo. Jumapili, huko Lubunga, tonton Sefu aliketi kati ya vyerehani vyake, futi ya kupimia shingoni. Upande wa wageni walikaa Papa Idrissa amevaa kanzu, Mama Patricia, na Papa Josué, ambaye hakuna aliyemwita. Katikati Yunus, shati jeupe. Papa Idrissa alizungumza robo saa, vizuri kama historia.

Tonton Sefu akakohoa.

"Nimesikia. Lakini kijana huyu, banasema ni batu ishirini na wawili. Mimi niko na binti mumoja. Nani kati yao ndiye anaoa?"

Nyumba ikacheka. Papa Idrissa akafungua mdomo kujibu, ndiyo kazi yake. Yunus akasimama, desturi ikamsamehe.

"Assistant, tonton. Ule wa mwisho kwa liste."

Kwenye mlango wa chumba, Nadia alikuwa ameshakifunga kisanduku katika liputa, kwa safari ya Jumanne. Akaficha uso ndani yake asionekane anacheka.

Wakakubaliana: ndoa likizo kubwa, Nadia akipanda kutoka Isangi. Mengine yalibaki ya wazee, na wazee hawana haraka. Papa Josué akashika neno, alivyo kimya, akasema mambo mazuri ya Yunus, maneno zaidi ya manne. Mama Patricia akaongeza merci zake. Walitumia saa mbili nzima.

Yunus hakusikia. Alikuwa amelala, kichwa kwenye bega la Papa Idrissa, mdomo wazi kidogo, kidole gumba kimetulia.

"Tumwamushe?" akauliza tonton Sefu.

"Mumuache," akasema Nadia kutoka mlangoni. "Leo ni zamu yenu kumufanyia kazi yake."