Kaka Yangu Ndiye Aliyechukua Majibu ya Damu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa na ni mkulima wa majani chai hapa Sironga. Naandika nikiwa na mpira wa mashine ya kusafisha damu shingoni, na sitaficha kitu.

Nina presha ya siku nyingi. Mwaka jana daktari wa kliniki moja mjini Kisii aliniongezea tembe mpya, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili nipimwe damu, aone kama figo zinaistahimili. Nilirudi, nikatolewa damu. Majibu yangetoka kesho yake, siku ya kuchuma chai… Nikamwomba Momanyi, kaka yangu wa tumbo moja, anichukulie, maana afisi yake iko jirani na kliniki. Nani ningemwamini kuliko yeye?

Alinipigia akasema kila kitu kiko sawa, niendelee na dawa zote. Nilimshukuru sana!

Nilizimeza bila kukosa hata siku moja. Miezi ikapita, miguu ikavimba, mikono ikakosa nguvu. Mke wangu Kerubo alitaka turudi kliniki, nikamkaripia. Si tuliambiwa niko sawa? Nikawa nakula ndizi mbivu nipate nguvu. Mwishowe nilianguka kwenye kituo cha kupimia majani, moyo ukisitasita.

Hospitalini waliipigia kliniki, na ukweli ukatoka. Tembe ile si sumu, huwasaidia wengi, lakini figo zangu zilikuwa zimeumia na potasiamu ilikuwa ikipanda kwenye damu hadi kutishia moyo. Kaka yangu alipewa barua: niiache, nibadilishiwe dawa, nipunguze ndizi.

Alipokuja kuniona nilimuuliza kwa nini. Aliangalia sakafu.

"Niliposikia figo, nilijua mtasema nitoe yangu moja," akasema. "Na mimi niko na watoto, wewe unajua."

Figo yake! Nani aliiomba? Daktari alitaka kunibadilishia tembe tu… tembe tu, jamani! Nililia mbele ya mke wangu bila aibu.

Nawasihi, msiache dawa za presha kwa sababu ya mkasa wangu. Lakini ukipimwa damu, yafuate majibu mwenyewe, uketi mbele ya daktari umuulize. Majani yakiharibika shambani, acha yaharibike!

Sasa damu yangu husafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki. Juzi daktari alizungumzia kupandikizwa figo, akauliza kama nina ndugu wa damu.

Nilimwambia sina.